Jinsi ya Kula Krismasi Kabla Krismasi Haijakula

Kuanzia wiki ya pili ya Desemba, Stendi ya Magufuli pale Mbezi Louis haijui usiku wala mchana. Watu wamejilaza juu ya mabegi, magodoro yamefungwa kwa kamba, mchele uko kwenye viroba, na wapiga debe wanaita Moshi, Rombo, Machame, Marangu. Mbele ya abiria kuna safari inayokaribia kilomita 560: Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Mwanga, Himo. Wapo pia wanaokwenda Bukoba, Mbeya, Singida na Songea, lakini safari ya Moshi ndiyo iliyoubeba msimu mzima. Ukisikia Mchaga wa Kariakoo anaulizwa, "Mangi, safari lini?" huna haja ya kuuliza ni safari ya wapi.

Safari hii ina mizizi. Ardhi ya Wachaga kwenye mlima Kilimanjaro ni finyu, na kihamba, yaani shamba la familia, kilichogawanywa kwa watoto na wajukuu hakiwezi kulisha wote. Kwa hiyo vijana waliteremka, wakatawanyika mijini kwa biashara, ualimu, udereva na kazi za ofisi. Kihamba kikabaki palepale na migomba yake, mibuni yake, nyumba ya wazazi na makaburi ya mababu. Ukristo nao ulishika mlimani tangu mwishoni mwa karne ya 19, Wakatoliki wakianzia Kilema na Walutheri wakijenga Machame na Old Moshi, na Krismasi ikawa siku ambayo ukoo wote una sababu ya kuwa mahali pamoja. Ni jambo zuri sana. Mtu anayezaliwa Dar es Salaam na bado anajua kaburi la babu wa baba yake liko chini ya mgomba upi, ana utajiri ambao haununuliwi.

Lakini kila Desemba safari hiyohiyo inapakia mizigo isiyoonekana kwenye buti. Lazima uonekane umefanikiwa. Lazima uje na gari, hata la kukodi. Lazima uchangie kipaimara, harusi, komunyo, ukarabati wa nyumba ya babu na kreti za soda. Lazima uwe umeoa, au umeolewa, au umezaa, au umezaa mwingine. Matokeo yake tunayaona Januari: madeni, ndugu wasiosalimiana, mume na mke walionuniana tangu Korogwe. Na mbaya kuliko yote, wapo ambao hawajaenda kwao kwa miaka, si kwa kukosa nauli, bali kwa kuogopa macho ya watu.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao wote, na kwa wanaobaki mjini pia. Msingi wake ni mmoja: mambo mengi yanayotutesa Desemba hakuna aliyetuomba, na yale tuliyoombwa tungeweza kuyakataa kwa amani kama tungefungua mdomo mapema.

Hatua ya 1: Uliza

Mtoto wa mjini anakaa mezani anakisia mama yake anataka nini. Anawaza televisheni kubwa, ya ukuta mzima. Anaona jirani kampelekea mama yake sofa, basi na yeye anawaza sofa. Hajauliza. Piga simu, tena piga Oktoba, mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, Krismasi nakuja. Niambie kitu kimoja unachokihitaji kweli."

"Njoo tu mwanangu. Tukuone."

Hapo usikate simu. Kila mama huanza na "njoo tu," na anamaanisha. Lakini ukimpa nafasi, ukamuuliza habari za nyumba, za kuku, za kanisani, baada ya dakika kumi kitatoka chenyewe: miwani ya kusomea Biblia imevunjika mkono, anaifunga kwa uzi. Bati la jiko la nje linavuja upande wa kuni. Basi. Miwani na mabati mawili. Televisheni ingekaa sebuleni ikifunikwa kitambaa, na mama angeendelea kusoma Zaburi kwa jicho moja.

Ukishajua, umepata vitu viwili. Umejua cha kupeleka, na umejua usichotakiwa kupeleka. Hicho cha pili ndicho kitakachokupa usingizi.

Usisahau kwamba kuna ndugu watakaosema "mkono mtupu haulambwi." Ni methali ya kweli. Ila wahenga haohao walisema pia "kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Sukari, mafuta ya kula, sabuni na kitenge kimoja cha bibi si mkono mtupu. Ni mzigo wa heshima kabisa, na umebebwa na mzee wa ukoo na mfanyakazi wa ndani, mwalimu na mama lishe, vizazi na vizazi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ukianzia Januari

Wengi hupanga Desemba kwanza, kinachobaki ndicho cha Januari. Geuza. Chukua daftari, andika Januari juu kabisa.

Mshahara wa Desemba mara nyingi huwahi ili watu wale sikukuu. Ukitoka tarehe 20, na wa Januari ukatoka tarehe 25, katikati kuna siku 36. Mshahara wa mwezi mmoja unatakiwa ukuvushe siku zote hizo, na humo humo ndani shule zinafunguliwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa tangu 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaingizwa. Lakini sare, viatu, madaftari, ndoo, godoro la bweni na nauli ya mwanafunzi ni vya mzazi. Mwenye nyumba wa mjini naye anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo.

Andika yote hayo. Weka pesa yake pembeni, ikiwezekana mahali ambapo simu yako haifiki. Kisha toa nauli ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Watu wengi hukata ya kwenda tu, halafu tarehe 2 Januari wanamkopa mzazi waliyekwenda kumsaidia. Kinachobaki sasa ndicho Krismasi yako. Ni kidogo? Ndiyo hicho. Kipange kwa raha zote, kwa sababu hakidaiwi na mtu.

Vikoba vingi, vile vikundi vya kuweka akiba, huvunjwa Desemba, na hapo ndipo akiba ya mwaka mzima huyeyuka kwa wiki mbili. Mama aliyeweka hisa kila Jumamosi kuanzia Januari hastahili kuona pesa yake ikiishia kwenye bia za watu waliokaa tu. Amueni kabla ya siku ya mgawo: kiasi gani ni cha mtaji, kiasi gani ni cha shule, kiasi gani ni cha sikukuu. Yaandikeni mkiwa wawili, mke na mume, na karatasi ibaki ndani ya daftari la kikoba.

Na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kwa ajili ya sikukuu, usiuguse. Usiuguse kwa ajili ya mbuzi, usiuguse kwa ajili ya kukodi gari, usiuguse kwa ajili ya sare za vitenge vya ukoo. Hakuna mzazi atakayefurahia mchele akijua kwamba mwezi wa pili watu watakuja kubeba friji ya mwanawe.

Hatua ya 3: Sema hapana wakati hapana bado ni jibu

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kundi la WhatsApp la ukoo huanza kuchemka kuanzia Septemba. Kipaimara cha mtoto wa baba mdogo. Harusi ya binti wa shangazi, na kabla ya harusi kuna sendi-ofu. Ukarabati wa makaburi. Mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima. Kila mchango una mwenyekiti, mweka hazina na orodha inayobandikwa upya kila asubuhi, majina yaliyolipa yakiwa na alama ya vema na yako likiwa tupu.

Wengi wetu, tukiona orodha ile, hujibu kwa maneno ambayo si ndiyo wala hapana. "Tutaangalia." "Mungu akipenda." "Tuko pamoja." Tunadhani tumejisitiri. Kumbe mwenyekiti wa kamati ameshaandika jina lako kwenye bajeti, kwa sababu kwa lugha ya kamati "tuko pamoja" ni ahadi, na ahadi ni deni. Tarehe 23 Desemba unapigiwa simu, mbuzi ameshalipiwa, turubai limeshafungwa, na hapo ukisema huna, limekuwa tusi. Ndugu wanakasirika kwa haki kabisa. Hasira yao si kwa sababu ya umaskini wako. Ni kwamba uliwaacha wapange kwa pesa ambayo haipo.

Hapana ya Oktoba ni jambo tofauti. Kamati bado ina muda wa kupunguza idadi ya wageni, kubadilisha ukumbi, kutafuta mchangiaji mwingine. Kwa hiyo andika ujumbe wenye mambo manne: kiasi, tarehe, mpaka na kazi. Mfano:

"Shikamoo baba mdogo, na salamu kwa wote. Kuhusu kipaimara cha mdogo wetu, nitatoa shilingi 50,000 na nitaituma tarehe 5 Novemba. Zaidi ya hapo mwaka huu sitaweza. Siku ya misa nitakuwepo tangu asubuhi, nipangieni jikoni au kwenye kugawa vinywaji."

Angalia ujumbe huu hauna hadithi. Hauelezi kwamba gari limeharibika na mtoto anaumwa. Maelezo marefu huwapa watu nafasi ya kukupangia maisha: "gari si uliuze?" Sema kiasi, timiza siku uliyotaja, na usirudi nyuma. Mwaka wa kwanza watanung'unika. Mwaka wa pili watakuhesabu miongoni mwa watu wa uhakika, kwa sababu elfu hamsini inayofika tarehe 5 Novemba humsaidia mweka hazina kuliko laki tano ya "tutaangalia."

Na kama huna hata shilingi, sema huna, kisha taja kazi. Kuna kuni za kupasua, maji ya kuteka, viti vya kukodi na kurudisha, wazee wa kusindikiza kanisani. Shughuli ya kijijini haijawahi kuwa na mikono ya ziada.

Hatua ya 4: Safiri mapema, usikubali kuibiwa

Hapa nitasema kwa ufupi. Tangu mwaka 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku na mchana, kwa hiyo huna sababu ya kugombania basi moja la alfajiri. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya kulala kwa zaidi ya miaka 20, na siku inapokuwepo ni safari tamu kwa mwenye watoto. Nauli za mabasi zina kikomo kinachopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Ukitozwa zaidi, tunza tiketi yako na utoe taarifa. Kata tiketi Novemba kama unaweza. Dereva akikimbiza gari, mwambieni kwa pamoja. Hakuna pilau ambayo haiwezi kusubiri saa mbili.

Hatua ya 5: Fika jinsi ulivyo

Umefika. Umesalimia nyumba kwa nyumba, mdogo akimfuata mkubwa kama inavyopasa. Umekaribishwa mtori, umekaribishwa kiburu, na sasa umekalia kigoda mbele ya watu wanaokupenda na wenye maswali.

"Mwanetu, mke yuko wapi?"

"Kazi unafanya gani siku hizi?"

"Huyu mtoto wa kwanza mbona hana mdogo wake?"

Wengi wao hawana nia mbaya. Baba mdogo aliyekuona mara ya mwisho Krismasi iliyopita hana kitu kingine cha kuanzia. Kwa hiyo jibu kweli, jibu fupi, kisha mrudishie swali kuhusu jambo analolipenda. "Bado, baba mdogo, ikifika siku utakuwa wa kwanza kujua. Hivi ile mibuni mipya uliyopanda inaendeleaje?" Atasimama, atakushika mkono, atakupeleka kuiona, na kwa nusu saa ijayo hakuna atakayekumbuka ndoa. Tena mtakuwa mmeongea kuhusu kitu chenye uhai.

Aliyepoteza kazi, aseme amepoteza kazi. Najua hili ni gumu. Lakini katika ukoo wa watu themanini waliotawanyika kutoka Tunduma hadi Mwanza, kuna mtu anayejua mahali panapohitaji mhasibu, dereva au mpishi. Hawezi kukusaidia kama umekuja na gari la kukodi na miwani ya jua ukisema mambo ni shwari. Kila mwaka kuna kijana anaondoka Moshi akiwa na namba ya simu iliyompatia kazi mwezi wa tatu, na aliipata kwa sababu alisema ukweli pale kwenye kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi.

Kwa wanandoa wanaosubiri mtoto, ninyi hamdaiwi maelezo na mtu yeyote. Mpeane ishara, mmoja akizidiwa mwingine ainuke, "twende tukamwone bibi." Na wewe shangazi, wewe mama mkubwa unayesoma hapa: swali la mtoto usiliulize hadharani. Ukiwa na jambo la kusaidia, mwite binti faraghani, umwambie unamwombea, uishie hapo. Neno moja la sebuleni linaweza kumfanya mtu asirudi kwao miaka mitano.

Asiyekunywa naye ana haki yake. Kibuyu kikizunguka, kipokee kwa mikono miwili, mpe anayefuata, useme asante. Ukishikilia soda yako tangu mwanzo na ukaendelea kucheka na watu, ifikapo saa nane mchana hakuna anayejua ulikunywa nini. Na anayemlazimisha mwenzake kunywa wakati ndiye dereva wa kurudi mjini na watoto, akanywe maji kwanza ndipo tuongee.

Hatua ya 6: Gawa kazi, ndipo sikukuu iwe ya wote

Tuseme wazi: kwa wanawake wengi, Krismasi ni siku ngumu ya kazi. Wanaamka saa kumi usiku kuwasha moto, wanamenya ndizi mpaka vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu, wanapika kwa watu arobaini, wanaosha masufuria hadi giza, na picha ya familia inapopigwa wao wako jikoni. Kisha tunashangaa kwa nini wakwe wa mjini wanachelewesha safari.

Tiba yake ni rahisi na haina gharama. Tarehe 23 jioni, mkubwa wa nyumba awakusanye vijana wote, wa kiume na wa kike, agawe zamu: kumenya, kuosha vyombo, kuchota maji, kulea watoto wadogo. Wanaume wa Kichaga wanajua kuchinja, kuchoma na kugawa nyama kwa ufundi mkubwa, kila kipande kikienda kwa mwenyewe kimila. Mikono hiyohiyo inaweza kusugua sufuria.

Na kazi inayofanywa kwa pamoja hugeuka kuwa sikukuu yenyewe. Tazama mbege inavyotengenezwa. Ndizi mbivu huchemshwa saa nyingi na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa, hupikwa uji. Maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji wa ulezi, na gome la msesewe huleta ule uchungu wake. Hakuna hatua hapo ya mtu mmoja. Anayefika tarehe 19 na kukaa na bibi wakati anachuja, akimsikiliza anavyosimulia nani alioa wapi na shamba lipi liliuzwa kwa sababu gani, ameshakula Krismasi yake kabla ya tarehe 25. Anayefika tarehe 24 usiku na kuondoka tarehe 26 asubuhi amekula foleni.

Wenye majirani na ndugu Waislamu wamezoea jambo jingine jema: mbuzi huachiwa Mwislamu amchinje, ili siku ya kula pasiwe na wa kutengwa. Endeleeni hivyo hivyo.

Hatua ya 7: Krismasi kwa nani?

Ndoa nyingi hutikisika hapa. Mke ni wa Rombo, mume ni wa Kibosho. Kila mwaka ni Kibosho. Wazazi wa mke wanazeeka wakiwa na picha za wajukuu kwenye simu tu.

Amueni mkiwa Dar es Salaam, mlango umefungwa, mwezi wa kumi. Kwa wenye bahati ya kuwa wote wa mlimani, gawanyeni: Krismasi upande mmoja, Mwaka Mpya upande wa pili, na mwakani mbadilishane. Kwa wale ambao mmoja ni wa Moshi na mwenzake ni wa Kigoma, pishaneni mwaka kwa mwaka. Kisha kila mmoja awaambie wazazi wake mwenyewe. Mume ndiye anayempigia mama yake kumwambia "mwaka huu tunakwenda kwa wakwe," na anaitaja kama safari yao wawili. Akisema "mke wangu anataka," amemtupa mkewe kwenye moto kwa miaka kumi.

Hatua ya 8: Maliza ugomvi ukiwa huko huko

Koo nyingi zina kesi ya mpaka, ya urithi au ya maneno yaliyosemwa msibani. Krismasi huwaweka wagomvi kwenye benchi moja la kanisa, na wengi huvumilia siku tatu kisha huondoka nao ugomvi uleule.

Wachaga tuna isale. Mmea huu wa kijani umepandwa mpakani mwa vihamba, na kwa mila ukimpelekea mtu uliyemkosea jani lake, umeomba msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Desemba ndiyo wakati wake. Tafuta mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, mwende tarehe 27, kelele zikishapungua. Usiende tarehe 25 mbele ya wageni. Msamaha wa jukwaani humbana anayeombwa. Kesi ya ardhi yenyewe inaweza kubaki kwa wazee na baraza. Kinachotakiwa siku hiyo ni ninyi wawili muweze kusalimiana barabarani.

Hatua ya 9: Kwa mwenye msiba

Kuna anayekwenda mwaka huu na kiti kimoja kitakuwa kitupu. Watu watamwambia "jikaze, ni sikukuu." Usijikaze. Fika siku moja kabla ya wengine, nenda kaburini kihambani na jembe, palilia, panda ua, sali. Watoto wawe na wewe, waulize maswali yao. Mezani mtajeni marehemu kwa jina, msimulie alivyokuwa akipenda kuimba vibaya kwa sauti kubwa, mcheke. Ukihisi kulia, lia hapo hapo kati ya watu wako. Na ukitaka kuondoka kwenye muziki ukalale mapema, lala. Furaha ya mwaka huu inaweza kuwa ndogo, na bado ikawa yako.

Hatua ya 10: Kwa aliyebaki

Muuguzi yuko zamu. Mlinzi yuko getini. Dereva anawapeleka wengine kwao. Mwingine hana nauli, na mwingine amechoka tu, anataka kulala. Wote hawa wasijione mayatima.

Kama umeamua kubaki, waambie nyumbani mapema na waziwazi: "Mwaka huu nabaki, nitakuja Pasaka." Tuma kidogo ulichonacho kabla ya tarehe 20, wakati kinaweza kununua kitu. Kisha angalia mtaa wako. Hapo jirani kuna mwanafunzi, kuna mama mwenye duka, kuna fundi kutoka Songea, wote wamebaki. Pikeni sufuria moja, kila mtu alete kitu. Jioni mwende Coco Beach mkale mihogo, au mvuke kivuko hadi Kigamboni mkakanyage maji. Jiji ambalo siku nyingine hukuchukua saa mbili kulivuka, siku hiyo liko wazi mbele yako. Lifurahie.

Siku ya kuondoka

Kabla ya kupanda gari la kurudi, kaa na wazazi dakika chache bila wageni. Waulize mambo mawili: mwaka huu kitu gani kiliwafurahisha, na kitu gani mwakani tukiache. Utashangaa. Mara nyingi kilichowafurahisha ni mjukuu aliyejifunza kuchuma kahawa, na wanachotaka tuache ni muziki mkubwa, turubai la gharama na watu wasiowajua waliokuja kula. Andika majibu yao kwenye daftari lilelile la hesabu za Januari. Kisha, kundi la ukoo litakapoanza kuchemka Septemba, wewe uwe wa kwanza kuandika: wazazi wanataka hiki, mimi nitatoa hiki, na nitafika tarehe hii. Wengine wengi walikuwa wanasubiri mtu aanze.